Ikulu, Hongo na Kituo: Msamiati wa Njia ya Misafara katika Maelezo ya Vivutio vya Dar es Salaam na Bagamoyo

1.0 Utangulizi

Mgeni anayetaka kuona mambo ya Dar es Salaam kwa siku moja hupitishwa, karibu kila mara, katika mzunguko uleule. Huanzia Makumbusho ya Taifa, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1940. Hupitishwa karibu na Ikulu, akaonywa asipige picha. Huoneshwa Kanisa la Azania Front na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale, soko la samaki la Kivukoni na Sanamu ya Askari. Akiwa na nafasi hufikishwa Kariakoo, na siku ya pili hupelekwa Bagamoyo kutazama magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868 na yaliyosalia ya kambi ya misafara.

Makala hii ilitokana na ziara ya namna hiyo. Mwandishi alifuatana na kikundi cha wanafunzi wa uzamili ambao zoezi lao lilikuwa kunakili maelezo ya mwongoza watalii, kisha kuyatafsiri kwa ajili ya wageni wasiojua Kiswahili. Zoezi lilikusudiwa kuwa la tafsiri tu. Lakini tulipoketi kusahihisha kazi hizo ilidhihirika kwamba tatizo kubwa halikuwa katika lugha ya pili bali katika Kiswahili chenyewe. Maneno kadhaa yaliyotumiwa na mwongozaji yalikuwa yamebadilika maana baina ya wakati wa jambo linalosimuliwa na wakati wa kulisimulia, na mabadiliko hayo yaliwafanya watu wa bara, hususan Wanyamwezi wa Unyanyembe, waonekane vingine kabisa.

Inafaa kusema mapema kwamba mwandishi si shahidi asiye na upande. Alizaliwa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, mahali palipokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, na baba wa babu yake alikuwa mpagazi. Hata hivyo hoja zitakazotolewa ni za kiisimu, na msomaji anaweza kuzipima bila kumjali mtoaji wake.

Neno moja kuhusu istilahi. Mtalii, kwa asili ya Kiarabu ya kitenzi talii, ni mtu anayetazama kwa makini na kudurusu. Kitenzi hicho kilitumika hata kwa kusoma kitabu. Kivutio, kwa upande wake, ni kitu kivutacho, yaani kitendacho kazi chenyewe huku mtazamaji akiwa ametulia. Maneno haya mawili yamefungwa pamoja katika lugha ya wizara na ya makampuni ya safari, ingawa la kwanza linadai juhudi ambayo la pili linaiondoa. Katika makala hii tutajaribu kutalii kwa maana ya zamani.

2.0 Njia na Lugha Zake

Historia ya njia yenyewe inajulikana kwa wasomaji wa jarida hili, nasi tutaigusia kwa ufupi. Njia ya kati ilitoka pwani ya Mrima, Bagamoyo ikiwa lango lake mashuhuri, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, mwendo wa zaidi ya kilometa 800, na kutoka huko ikaendelea hadi Ujiji. Richard Burton na John Speke walifika Kaze, Tabora ya leo, mwezi Novemba mwaka 1857. Henry Morton Stanley na David Livingstone walikaa pamoja katika tembe la Kwihara mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley akaondoka mwezi Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti kuwangojea wapagazi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya njia hiyo ilikuwa imekwisha. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia huko UNESCO, Bagamoyo, Kwihara na Ujiji zikiwa miongoni mwa vituo vyake.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba njia hii ilikuwa pia njia ya maneno, tena yaliyokwenda pande zote mbili. Ni kawaida kueleza jinsi Kiswahili kilivyoenea bara kwa njia ya misafara. Ni nadra zaidi kueleza kile ambacho Kiswahili kilibeba kiliporudi pwani. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa karne ya kumi na tisa, ameonesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu huru waliolipwa ujira, wenye mila na nidhamu yao ya njiani, na kwamba mila hiyo ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya Kinyamwezi. Ikiwa mila ya kazi ilikuwa yao, hatuna budi kutarajia kwamba na msamiati wa kazi ulikuwa na sehemu yao.

3.0 Ikulu

Tuanze na jengo ambalo kila mgeni huoneshwa na hakuna anayeingia. Makao ya gavana wa Kijerumani yaliyokuwa ufukweni mwa Dar es Salaam yaliharibiwa kwa mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza wakayajenga upya. Mwongozaji wetu alieleza hayo vizuri. Alipoulizwa na mwanafunzi mmoja neno ikulu limetoka wapi, alijibu kwamba ni Kiswahili.

Ni Kiswahili, bila shaka. Lakini umbo lake lina alama ya mahali lilikopita. Kama tujuavyo, Kiswahili kimepoteza konsonanti l ya Kibantu cha zamani katika mazingira mengi, hasa baina ya irabu. Ndiyo sababu tunasema njaa ambapo Wanyamwezi na Wasukuma husema nzala. Tunasema mguu ambapo lugha nyingi za jirani zina umbo lenye -gulu. Na tunasema -kuu, kama katika mkuu na mji mkuu, ambapo lugha hizo zina -kulu. Laiti ikulu lingekuwa neno lililorithiwa moja kwa moja na Kiswahili tangu mwanzo, tungetarajia umbo lisilo na l. Kwa kuwa l imebaki, neno hili liliingia baada ya kanuni hiyo kukoma kufanya kazi, nalo lilitoka katika lugha ambayo haikuipoteza l.

Msomaji mwangalifu atapinga, na kwa haki, kwamba lugha nyingi zimeihifadhi l hiyo, zikiwemo za Wazaramo na Wakwere walio karibu kabisa na Dar es Salaam. Kwa hiyo fonolojia peke yake inatuambia tu kwamba neno si la urithi, haituambii lilikotoka. Hapo inabidi kutazama maana na matumizi. Ikulu, kwa maana ya makao ya mtemi na baraza lake, ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma. Stanley alipoandika juu ya Unyanyembe aliyataja makao ya mtemi kwa jina la Kwikuru, na umbo hilo linachambulika bila taabu: ni kiambishi cha mahali ku- pamoja na ikulu, yaani kwenye ikulu. Ni muundo uleule tunaoweza kuudhania katika jina la Kwihara. Wakati Kiswahili kimehamisha alama ya mahali ikawa kiambishi tamati -ni, tukapata Kivukoni, Magogoni na Gerezani, Kinyamwezi kimeiacha mwanzoni mwa neno. Mwandishi aliyesikia jibu la swali la wapi alidhani amesikia jina la mji, kumbe alikuwa ameambiwa tu, ‘kwa mtemi’.

Basi mgeni anayepitishwa mbele ya lango lile lililo karibu na bahari anatazama nyumba ya Kijerumani iliyojengwa upya na Waingereza, na inayoitwa kwa neno la Unyanyembe. Itetemia nako kulikuwa na ikulu. Mtemi Isike, aliyetawala tangu mwaka 1876, aliwapinga Wajerumani mpaka ngome yake ilipovunjwa mwezi Januari mwaka 1893, akaamua kujilipua kwa baruti asitekwe. Hatudai kwamba neno lilichaguliwa kwa kumkumbuka yeye. Tunasema tu kwamba kati ya vitu vyote vinavyooneshwa katika ufukwe ule, neno hili ndilo lililosafiri mbali zaidi, na ndilo pekee lisilotolewa maelezo.

4.0 Kariakoo na Sanamu ya Askari

Asili ya jina Kariakoo inajulikana sana. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwezi Septemba mwaka 1916, walikitumia kiwanja na jengo la soko lililoachwa na Wajerumani kwa ajili ya kikosi chao cha wapagazi wa vita, na jina la Kiingereza la kikosi hicho likageuzwa na ndimi za wenyeji. Nairobi kuna Kariokor, jina lilelile kwa asili. Tofauti ya tahajia inafundisha. Nairobi iliendelea kuandika r ya mwisho ambayo haitamkwi hata na Waingereza wengi, yaani ilifuata macho. Dar es Salaam ilifuata sikio: irabu ndefu ya mwisho ikaandikwa kwa herufi mbili, na kwa kuwa kila irabu ni silabi, mkazo ukaangukia mahali pake pa kawaida, silabi ya pili kutoka mwisho. Kariakoo ni neno la Kiswahili kamili kwa sauti na kwa mkazo. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na ambalo liliungua mwezi Julai mwaka 2021, lilistahili kutajwa kwa ajili ya usanifu wake pekee. Lakini kwa mwanaisimu jina lina thamani sawa na jengo.

Kinachoshangaza ni hiki. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la watu hao, wapagazi, neno ambalo Burton alilikuta likitumika njia nzima. Hata hivyo mtaa haukuitwa Wapagazini. Neno la kazi iliyokuwa ya hiari na ujira liliachwa, likatwaliwa jina la ofisi ya jeshi. Huenda wasemaji waliona, bila kuambiwa na mtu, kwamba mambo haya mawili si mamoja. Mpagazi wa njia ya misafara alipatana malipo na posho yake kabla ya kuondoka, na akidhulumiwa aliweza kutua mzigo na kurudi kwao. Mtu wa kikosi cha vita aliandikwa kwa nguvu, na makumi ya maelfu ya wenziwe walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Umbali mfupi kutoka hapo ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 mahali ambapo hapo kwanza palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann. Maandishi ya chini, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa pia kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi na kuwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Lakini mtu aliyesimama juu kabisa ni askari mmoja aliyeshika bunduki yenye singe. Katika sanamu ya Nairobi, ambayo ni ndugu ya hii, mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji. Mwongozaji wetu hakusoma maandishi. Alisema kwamba ni sanamu ya mashujaa waliopigana vita, akaendelea na safari. Wanafunzi kumi na mmoja kati ya kumi na wanne hawakuandika neno mpagazi popote katika kazi zao za siku hiyo.

Hapa ningependa kuongeza jambo moja dogo la semantiki. Kitenzi -pagaa, kilichozaa mpagazi, ndicho kilichozaa pia -pagawa, yaani kuingiwa na pepo. Aliyepagawa ni yule aliyepandwa na kitu kizito kisicho chake. Katika matumizi ya leo ya vijana wa mjini kupagawa ni kufurahi mpaka kupoteza utulivu, kwa mfano kwenye muziki. Mzazi wa neno amesahaulika, mtoto anacheza.

Kuhusu majina mengine ya mjini tutapita upesi. Gerezani lina gereza, neno linaloelezwa kuwa la asili ya Kireno lililomaanisha kanisa, na safari yake kutoka kanisa mpaka jela ni kisa kingine. Boma la Kale lilijengwa zama za Sultani Majid, katika miaka ya 1860. Lipo dai linalopendwa sana na wageni kwamba neno boma ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayohusu jengo la maofisa. Dai hilo halina msingi wowote: Stanley alilitumia neno boma katika kitabu chake cha mwaka 1872, wakati ambapo hapakuwa na ofisa wa Kiingereza wa kutawala chochote katika nchi hii.

5.0 Bagamoyo: Kubwaga Nini?

Katika Bagamoyo maelezo ya mwongozaji yalijengwa karibu yote juu ya jina. Alisema kwamba mateka waliofikishwa pale waliambiwa, au walijiambia, waibwage mioyo yao, yaani waiache nyuma pamoja na matumaini yote, kwa maana mbele yao palikuwa na bahari. Wageni wawili walitoa machozi. Sisemi kwa dhihaka: biashara ya watumwa ilipita pale, na machozi yana sababu.

Lakini je, lugha inaunga mkono tafsiri hiyo? Kwa muundo, jina ni kitenzi cha amri na yambwa yake vilivyoungana kuwa neno moja lenye mkazo mmoja; sauti bw imelegea kuwa b. Miundo ya namna hii si migeni katika majina ya mahali. Katika Wilaya ya Temeke ipo Tuangoma, ambayo kwa umbo inasomeka vilevile: tua, ngoma. Kwa maana, -bwaga ni kitenzi cha mzigo. Anayebwaga anautupa chini mzigo uliomlemea, na hali inayofuata ni wepesi. Kubwaga moyo, kama kutua moyo, ni kupumzika na kuondokewa na wasiwasi. Anayetaka kusema kwamba ameacha moyo wake mahali, Kiswahili kimempa kitenzi kingine, nacho ni kuacha.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kitenzi hiki hakina upande wa giza. Tunasema mtu amebwaga manyanga, kwa maana ya kukata tamaa na kujitoa katika jambo. Mganga aliyezitupa chini manyanga yake amemaliza uganga. Kwa mujibu wa leksikoni peke yake, basi, tafsiri ya mateka haiwezi kufutwa moja kwa moja. Linaloipinga zaidi ni swali la nani alikuwa akizungumza. Jina la mahali hutolewa na wanaopaita mara nyingi. Waliofika pale mwaka hadi mwaka, wakakaa miezi wakingoja mzigo wa kurudia, wakasimuliana njia nzima habari za mahali hapo, walikuwa wapagazi. Kwao baada ya miezi mitatu au zaidi ya kutwikana na kutuana, mji wa pwani ulikuwa ndio mwisho wa kutua. Steven Fabian, katika makala yake ya mwaka 2013 kuhusu utalii wa utumwa Bagamoyo, ameeleza jinsi sura ya mji huo kama bandari ya watumwa ilivyokuzwa katika miaka ya karibuni mpaka ikazifunika sura zake nyingine. Mwandishi anakubaliana naye, kwa tahadhari moja: kuirudishia Bagamoyo furaha ya mpagazi kusiwe njia ya kumfuta mateka. Jina moja lingeweza kusikiwa na watu wawili wa msafara mmoja, kila mmoja kwa namna yake, na mmoja wao hakuulizwa.

Kitenzi -tua kinastahili fungu lake. Ni kinyume cha -twika. Humuhitaji mtu wa kukutwika, humhitaji vilevile wa kukutua mzigo ukiwa mzito. Kutoka kwake tumepata kituo. Katika kinywa cha mpagazi kituo kilikuwa mahali ambapo mizigo ilishushwa kwa siku ile. Leo tuna kituo cha daladala, kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha nukta katika maandishi, na vituo vya utalii. Mwongozaji aliposema, ‘Hiki ni kituo chetu cha tano,’ alikuwa akihesabu kama alivyohesabu kirangozi.

Livingstone naye alitua Bagamoyo. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ya Chitambo. Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walimkuta Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike hapo hapo. Walikataa, wakaendelea, na mwezi Februari mwaka 1874 waliufikisha katika misheni ya Bagamoyo. Ubao wa maelezo tuliousoma ulisema mwili ‘uliletwa’. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huruhusu mtenda kuachwa kabisa, na hapa ameachwa.

6.0 Hongo

Tumefikia neno lililosababisha makala hii kuandikwa. Akieleza ugumu wa safari za zamani, mwongozaji alisema kwamba misafara ilichelewa kwa sababu watemi na machifu wa njiani ‘walidai hongo’. Wanafunzi wote kumi na wanne, bila kushauriana, walitafsiri neno hilo kwa neno la Kiingereza la rushwa. Mmoja aliongeza kwa mkono wake kwamba ufisadi katika nchi yetu una mizizi ya kale. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na aliandika kwa uchungu wa kweli.

Katika karne ya kumi na tisa hongo lilikuwa jina la malipo aliyotoa mwenye msafara kwa mwenye nchi ili apite salama, atumie visima, apige kambi na kununua chakula. Malipo hayo yalikuwa kwa nguo, shanga na waya, nayo yalijadiliwa hadharani, mara nyingine kwa siku kadhaa, Ugogo ikiwa mashuhuri kwa ukali wake. Ni kweli kwamba wasafiri wa Kizungu walilalamika kurasa kwa kurasa. Lakini msafiri yeyote hulalamika mpakani. Kisima cha Ugogo wakati wa kiangazi si jambo la bure, na msafara wa watu mia kadhaa ulikunywa maji ambayo wenyeji na ng’ombe wao wangeyahitaji kesho yake.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inaonesha maana zote mbili, ya ushuru wa njia na ya rushwa. Kwa msemaji wa leo imebaki ya pili tu, na kitenzi -honga kimeongeza maana ya kumpa mpenzi fedha ili kumvuta. Wanaisimu huita badiliko la aina hii ushushaji wa maana. Mara nyingi tunalieleza kama kwamba maneno huchakaa yenyewe, mithili ya nguo. Katika kisa hiki chanzo chake kinaonekana waziwazi. Dola ya kikoloni ilipojitwalia haki ya kutoza, kile ilichotoza yenyewe kiliitwa ushuru na kodi, majina yaliyokwisha kuzoeleka katika forodha za pwani. Malipo ya watemi yakawa kosa. Kitendo kilikuwa kilekile: mwenye mamlaka anampokea mpitaji na kumwambia alipe. Kilichobadilika ni mwenye mamlaka. Neno la yule aliyeshindwa likabaki kwa malipo yanayopokewa chini ya meza.

Katika Unyanyembe suala hili halikuwa la nadharia. Mtemi Mnywasele, aliyetawazwa mwishoni mwa miaka ya 1850 baada ya Fundikira, aliwatoza ushuru wafanyabiashara Waarabu wa Tabora juu ya bidhaa zao. Walimpinga kwa silaha, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Speke, aliyepita tena huko mwaka 1861, alijaribu kusuluhisha bila mafanikio. Mnywasele alipigana akiwa nje ya makao yake mpaka alipouawa mwaka 1865. Mtu huyu alipoteza utawala na maisha kwa kudai haki ambayo kila serikali inaidai katika kila bandari. Tukitafsiri alichokidai kuwa rushwa tunawapa ushindi wapinzani wake mara ya pili, safari hii kwa kalamu.

Mfano wa nyampara unaimarisha hoja. Katika msafara, nyampara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, mtu wa makamo aliyesemea wenzake na kugawa posho. Neno lina asili ya bara. Kwa Kisukuma mzee mwanamume ni namhala, na yaelekea watu wa pwani waliusikia mfuatano wa sauti mh na kuutamka kama mp. Leo neno limepungua sauti na heshima kwa pamoja: tunasema nyapara, na tunalisikia zaidi kwa msimamizi wa vibarua au mfungwa aliyepewa madaraka juu ya wafungwa wenzake. Mzee wa kikao amegeuka kuwa mtu wa kufokea wengine. Maneno yaliyotoka pwani kwenda bara, kama safari, hayakupatwa na mkasa huo; safari lilipokewa na Burton katika Kiingereza chake na sasa linauzwa kwa bei ghali duniani kote.

7.0 Kirangozi na Mwongozaji

Aliyetangulia mbele ya msafara, akichukua bendera na kuchagua njia kwenye njiapanda, aliitwa kirangozi. Ndivyo Burton na Stanley walivyoliandika neno hilo, na bila shaka ni ndugu wa kiongozi. Konsonanti iliyo katikati, iwe ilitamkwa r au l, ni ileile l ambayo Kiswahili cha pwani kimeipoteza na lugha za njiani zimeihifadhi. Kirangozi hakuwa bwana wa msafara. Alikuwa mpagazi mwenye mzigo wake kama wengine, aliyeaminiwa kwa sababu aliwahi kupita. Mwongoza watalii ni mrithi wake kwa jina na kwa kazi, na mwandishi hakusudii kumlaumu. Kijana yule alijifunza aliyofundishwa, alikuwa na sauti nzuri, na alipoelezwa habari za hongo alichukua daftari akaandika.

Mapendekezo yaliyotokana na zoezi letu ni machache. Katika maelezo ya Kiswahili neno hongo libaki, kwa sababu ndilo lililotumika, lakini lifuatwe mara moja na ufafanuzi: ushuru wa njia aliolipwa mwenye nchi. Katika tafsiri litumike neno la ushuru, wala lisitumike la rushwa. Katika Bagamoyo zitajwe tafsiri zote mbili za jina, pamoja na watu wa aina mbili waliofika pale. Mbele ya Sanamu ya Askari yasomwe maandishi. Na mbele ya Ikulu isemwe kwamba hili ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma, na kwamba wapo watu Tabora ambao kwao halina haja ya kufafanuliwa.

Tarehe 20 Mei 2023 ilizinduliwa Ikulu ya Chamwino, Dodoma. Chamwino ni Ugogo, katika nchi ileile ambamo misafara ilisimama siku kadhaa ikijadiliana hongo. Mmoja wa wanafunzi, yule aliyeandika kuhusu mizizi ya ufisadi, alinionesha jambo hilo katika ramani tulipokuwa tukisahihisha kazi yake. Aliifuata njia kwa kalamu ya risasi kutoka Bagamoyo, akaweka nukta Mpwapwa, nyingine Chamwino, na ya mwisho Itetemia, kisha akaniuliza kama katika Kinyamwezi wingi wa ikulu upo.

Nilimwambia kwamba kwa watu wa njia ile wingi ulihitajika sana, kwa maana kila baada ya siku chache palikuwa na nyingine.